Nyama ya maabara: tusikimbilie marufuku, tuulize kwanza ng'ombe ni wa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba nyama inayokuzwa maabara ni mpango wa kuwamaliza wafugaji, na kwamba serikali iipige marufuku kabla haijatufikia. Simfahamu, ila naona ameandika kwa uchungu wa kweli. Mimi nauza nyama. Nina bucha hapa Mbauda, Arusha, tangu mwaka 2001, kwanza pamoja na marehemu mume wangu, na tangu 2011 mimi na vijana wawili ninaowaajiri. Mume wangu alizaliwa Longido na ukoo wake wote ni wafugaji. Ng'ombe wengi walioning'inia kwenye kulabu zangu niliwajua kwa rangi kabla sijawajua kwa kilo. Kwa hiyo neno hili linanigusa kwenye mzani na linanigusa bomani.

Nianze na kinachowamaliza wafugaji, maana nimekishika kwa mikono yangu.

Mwaka 2009 mvua ziligoma Longido, Monduli na Ngorongoro. Shemeji yangu alitoka nyumbani na ng'ombe kumi na mmoja kuwaleta mnadani, akafika na saba. Nilinunua mmoja, zaidi kwa ajili ya undugu kuliko biashara, jike jekundu mwenye baka jeupe kifuani. Alipopasuliwa machinjioni, mafuta ya figo hayakuwepo. Anayefanya kazi yangu anayajua mafuta ya figo: magumu, meupe au ya manjano kidogo, ukiyabonyeza yanamegeka kama sabuni. Ya yule ng'ombe yalikuwa ute unaotetemeka, na yale yanayozunguka moyo yalikuwa hivyohivyo. Mwili ulikuwa umekula akiba yake yote ukabakiza maji. Na tumboni mlikuwa na ndama wa miezi kama sita, vinyweleo vimeanza kuota kwenye kope na puani, kwato bado laini, za manjano kama nta. Daktari wa mifugo aliyekuwa zamu alitazama, akatikisa kichwa, mzoga haukupigwa muhuri. Ulikwenda kufukiwa.

Shemeji alikuwa amesimama nje ya ukuta akisubiri. Nikamweleza. Akasema, "Mama Neema, mwaka huu hatuuzi ng'ombe, tunauza ngozi zinazotembea."

Boma lake lilikuwa na ng'ombe 140. Walibaki 17. Alianza upya, akajenga kundi, na ukame wa 2022 ukamkuta tena, yeye na wenzake wa Simanjiro. Katika miaka hiyo yote hakuna maabara iliyouza hata robo kilo ya nyama hapa nchini. Ndiyo maana sikubali msomaji mwenzangu anaposema adui wa mfugaji yuko kwenye chupa huko Ulaya. Adui tunamjua, anakuja kila baada ya miaka kadhaa, na sasa anakuja kwa kukaribiana.

Sasa nieleze hiyo nyama ni nini, kwa sababu barua ile iliiita uchawi na wateja wangu wawili wamenikariria neno hilohilo kaunta. Binti yangu amesomea kazi za maabara, ndiye aliyenifafanulia nikaelewa. Wanamchukua ng'ombe mzima, hai, wanamchoma dawa ya ganzi na kunyofoa kipande cha msuli kidogo kama punje ya harage. Ng'ombe anarudi malishoni. Ndani ya msuli huo mna seli ambazo kazi yake ni kuziba pale msuli unapoumia, ndizo zinazofanya jeraha la ng'ombe aliyepigwa pembe lifunge. Seli hizo zinawekwa kwenye mchuzi wenye sukari, chumvi, vitamini na vile vijenzi vya protini ambavyo ng'ombe angevipata kwenye majani. Zinawekwa kwenye joto la mwili. Zinagawanyika, moja mbili, mbili nne. Zikiwa nyingi zinahamishiwa kwenye matangi ya chuma yanayofanana na ya kiwanda cha bia, kisha zinapewa mahali pa kujishikiza ili ziwe nyuzi za nyama. Ni msuli uleule wa ng'ombe, umekua mahali pengine. Uchawi haumo.

Mtu wa kwanza kuonyesha hadharani kwamba jambo hilo linawezekana ni Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Agosti 2013 nyama yake ilikaangwa London mbele ya waandishi wa habari, kipande kimoja cha baga, kimetengenezwa kwa nyuzi kama 20,000 zilizokuzwa moja moja. Gharama yake ilikuwa euro 250,000, ambazo kwa wakati ule zilipita shilingi milioni 500 zetu. Waliokionja walisema ladha iko karibu na nyama, ila kimekosa mafuta. Mimi hilo halikunishangaza hata kidogo, maana ladha ya nyama inakaa kwenye mafuta. Singapore ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu nyama hiyo iuzwe, Desemba 2020, nayo ilikuwa ya kuku. Marekani ikaruhusu kuku pia, Juni 2023. Januari 2024 Israel ikawa ya kwanza kuruhusu ya ng'ombe.

Kuna jambo moja kwenye maelezo ya binti yangu lililonikosesha usingizi, na nitalisema wazi ingawa mimi natetea upande huu. Kwa miaka mingi mchuzi wa kukuzia seli ulichanganywa na maji ya damu ya ndama aliye tumboni. Ng'ombe jike anachinjwa akiwa na mimba, ndama anatolewa, damu yake inakingwa moyoni. Hata ile baga ya London ilianzia huko. Aliponiambia nilimwona yule ndama wa 2009 mwenye kwato za nta. Nikamwambia kama ndivyo, hawajatuondolea chochote, wamehamisha tu kisu. Akanijibu kwamba hata wenyewe wameliona, kwanza damu hiyo ni ghali mno, na kampuni zimekuwa zikitafuta mchuzi usio nayo. Januari 2023 Singapore iliidhinisha nyama ya kuku iliyokuzwa kwa mchuzi usio na damu hiyo kabisa. Kwangu mimi hilo liwe sharti la kwanza la kanuni yoyote itakayoandikwa Tanzania: nyama iliyokuzwa kwa damu ya ndama wa tumboni isiingie.

Tuje kwenye hali ya hewa, ambako ndiko wanakoipigia debe zaidi. Ng'ombe anacheua, na akicheua anatoa gesi ya methani, nyingi kwa kubeua mdomoni, wala si kwa nyuma kama watu wanavyodhani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo yote duniani inachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto kutokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2023 likarekebisha, ikawa kama asilimia 12. Ng'ombe ndiye mwenye sehemu kubwa. Wafugaji wetu wanakasirika wakisikia hesabu hiyo, na wana haki, kwa sababu wameshazoea kuambiwa mifugo ni mingi, ipunguzwe, na baada ya hapo neno linalofuata huwa ni ardhi. Mtu anayeishi Longido bila gari wala friji si yeye aliyeipasha dunia joto. Lakini ukweli mwingine nauona kwenye mzani wangu. Ng'ombe wetu wa asili anakaa miaka minne, mitano, hata zaidi kabla ya kufika bucha, na akifika nakuta mzoga wa kilo 110, mwaka mbaya kilo 90. Miaka yote hiyo amekuwa anacheua. Ukigawanya gesi aliyotoa kwa kilo alizonipa, kila kilo inabeba mzigo mkubwa kuliko ya ng'ombe wa nchi ambako anafikia uzito ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Na nyama ya tangi nayo haiji bure. Matangi yale yanataka joto lisiloshuka, mchana na usiku, na usafi kuliko chumba cha upasuaji. Ng'ombe ana askari wake mwilini, akiingiwa na kijidudu wanapigana. Seli kwenye tangi hazina askari. Seli ya nyama huchukua kama siku nzima kugawanyika, wakati bakteria wengine wanagawanyika kila dakika ishirini. Akiingia mmoja asubuhi, kufikia jioni tangi limekuwa lake. Mimi friji yangu ikikosa umeme usiku mmoja napoteza ubavu mzima wa ng'ombe, imenitokea zaidi ya mara tatu. Sasa pigia hesabu tangi la maelfu ya lita. Tena umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, wataalamu wanasema faida kwa hewa inaweza kupotea yote. Ukitoka kwenye maji, upepo au jua, ndipo inapoishinda nyama ya ng'ombe. Hapo nafikiria Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, umeme wa maji. Nchi yenye umeme wa namna hiyo ina sababu ya kuifikiria kazi hii kuliko nchi nyingi zenye pesa kutuzidi.

Lakini niseme kile ambacho watu wa maabara hawakisemi, pengine kwa sababu hawajawahi kusimama nyuma ya gogo la bucha. Ng'ombe si nyama tu. Asubuhi saa kumi na mbili, kabla sijakata kilo ya kwanza, wanakuja wanawake wa supu. Mmoja anachukua makongoro yote manne na kichwa, mwingine utumbo. Mzee wa jirani ananunua mifupa ya mguu kila Jumamosi kwa sababu ya magoti yake. Nundu ina mteja wake tangu jana yake jioni. Ngozi inaondoka na mtu wa ngozi. Kule mlimani Meru, na Moshi kwenye vihamba, ng'ombe wa zizini anapewa majani ya migomba na samadi yake inarudi kwenye migomba hiyohiyo. Mtu anaweza kukaa miaka kumi asimchinje, anataka maziwa na samadi. Mume wangu alinitolea ng'ombe wanane nyumbani kwetu, na hadi leo uzao wao uko kwa kaka yangu. Hakuna tangi linalotoa samadi, wala kwato za supu, wala mahari. Anayesema nyama ya maabara itachukua nafasi ya ng'ombe wa Mmasai au wa Mchaga hajui ng'ombe wa Mmasai au wa Mchaga ni nini.

Inachoweza kuchukua nafasi yake ni kitu kingine, na hapa ndipo wauza nyama wenzangu wanapaswa kunisikiliza. Kinachotoka kwenye tangi kwa wepisi ni nyama ya kusaga. Ubavu wenye mfupa, mafuta na nyama kwa tabaka bado ni kazi ngumu kwao. Nyama ya kusaga ndiyo sambusa, ndiyo soseji, ndiyo baga za hoteli zinazohudumia watalii wanaoelekea Serengeti na Ngorongoro. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa nasaga nyama mara moja kwa wiki, leo mashine yangu inazunguka kila siku. Mji unakua, na mji unakula nyama ya kusaga. Mahitaji hayo yakiendelea kupanda na malisho yakiendelea kukauka, ng'ombe watakaoletwa mnadani ni wale waliopaswa kubaki: mitamba, majike yenye mimba, kama yule mwekundu. Iwapo sehemu ya nyama ya kusaga ya mjini itatoka kwenye matangi, shemeji yangu anaweza kubaki na kundi dogo zaidi, lenye afya, la maziwa na la heshima, na wanaotaka ng'ombe wa kweli wa malishoni wamlipe bei inayofanana na kazi yake. Hayo ndiyo matumaini yangu, na nayashikilia kwa dhati.

Kuhusu marufuku. Italia iliipiga marufuku nyama hii Novemba 2023, na jimbo la Florida, Marekani, likafanya hivyo Mei 2024. Msomaji mwenzangu anataka tuwaige. Lakini mfugaji wa Italia analipwa ruzuku na Umoja wa Ulaya, na ukame ukimpiga ana pa kukimbilia. Wa kwetu anakimbilia kwa shemeji mwenye bucha. Tukipiga marufuku, wenzetu wataendelea kujifunza, bei itashuka huko kwao, na siku moja tutaikuta bandarini kwenye makontena yaliyogandishwa, imechanganywa kwenye soseji bila hata kuandikwa. Hapo ndipo mfugaji atakapomalizwa kweli, na mimi pamoja naye.

Ninachoomba ni maandalizi. Sheria yetu ya tasnia ya nyama ni ya mwaka 2006, wakati ambapo nyama yote iliyokuwa ikiuzwa duniani ilitoka kwa mnyama aliyechinjwa. Bodi ya Nyama na Shirika la Viwango wakae waamue jina la hii nyingine, liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mbele ya pakiti. Mteja wangu akiuliza "hii ni ya machinjioni au ya tangi?" awe na haki ya kujibiwa. Viongozi wa dini nao waitwe mapema. Mimi ni Mlutheri, lakini hapa kwetu kisu cha machinjioni anashika Mwislamu na sote tunakula kwa amani, na neno la nyama isiyochinjwa si neno dogo. Singapore walilishughulikia: Februari 2024 kamati yao ya fatwa ilitamka kwamba nyama hiyo inaweza kuwa halali iwapo seli zimetoka kwa mnyama aliye halali na mchuzi hauna kitu cha haramu. Masheikh wetu wana elimu ya kutosha kulitazama wenyewe. Na hapa Tengeru, mwendo mfupi kutoka Arusha mjini, tuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, na tuna chuo cha mifugo. Vijana wetu wasomee kazi hii sasa, kwa ng'ombe wetu.

Kwa ng'ombe wetu, nasema hivyo kwa makusudi. Nyama ya ng'ombe iliyoruhusiwa Israel, seli zake zilianzia kwenye yai lililorutubishwa la ng'ombe mmoja wa aina ya Black Angus, aliyeko California, na ana jina, Lucy. Ng'ombe mmoja tu, na kutoka kwake wanaweza kukuza nyama bila kumrudia kila siku. Ng'ombe wetu wa asili wana nyama ambayo watu wa Arusha wanaijua kwa harufu tu ikiwa bado jikoni, na wana miili iliyozoea kupe na kiu. Siku moja mtu atakuja kutaka punje ya harage kutoka kwa mmoja wao.

Mwezi uliopita shemeji alikuja mnada wa Ngaramtoni, akapita bucha kunywa chai. Nikamweleza yote haya, tangu sindano hadi tangi. Alisikiliza bila kunikatiza, fimbo kaiegemeza ukutani. Akauliza kama ng'ombe anaumia. Nikamwambia kidogo, kama anapochanjwa. Akauliza watachagua yupi, nikamwambia bila shaka aliye bora. Akanyamaza hadi chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Na mwenye ng'ombe atalipwa mara moja, siku ya sindano, au kila tangi litakapojaa?"

Nilimwahidi kwamba nitaliandika swali lake kama alivyolisema, na kwamba gazeti likitoka nitampelekea Longido, mwanawe amsomee.

Mama Neema,
Mwenye bucha, Mbauda,
Arusha.